Maswali ya Loisi

Saa kumi na mbili asubuhi Ketrina aliingia wodini na chupa ya uji wa ulezi, aliyoifunga kitenge toka kijijini kwao Ihanda usije ukapoa. Kaka yake, Yonathani, alikuwa apasuliwe ngiri saa tatu.

"Kunywa, kaka. Mtu haendi kwenye kisu na tumbo tupu."

Ndivyo walivyofanya kwao siku zote. Ndivyo walivyomnywesha hata Loisi, mke wa Yonathani, miaka minne nyuma, asubuhi ya kutolewa uvimbe. Wakubwa wa hospitali hawakuwaambia kitu. Walileta karatasi ya Kizungu, Yonathani akaweka dole gumba, basi. Loisi akiwa kwenye usingizi wa dawa, uji ukapanda, ukaingia mapafuni. Jioni wakasema ni bahati mbaya.

Yonathani alinyoosha mkono apokee kikombe. Loisi akakiwahi. Alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, na lile sweta la bluu alilozikwa nalo. Akaunywa uji wote, mpaka wa kwenye chupa.

"Wifi, ulafi hujaacha," alisema Ketrina.

"Na wewe kulisha watu hujaacha."

Muuguzi alikuja na karatasi na wino. Akamwomba Loisi asogee kidogo.

"Baba, weka dole hapa."

"Msomee kwanza, kwa Kiswahili," alisema Loisi. "Damu ikitoka nyingi mtafanyaje? Kidonda kikioza ataona dalili gani? Na ile sindano iliyomvimbisha uso miaka sita nyuma, mmeiandika?"

Haikuandikwa. Ikabidi daktari aitwe. Alivuta kiti, akaeleza yote, akabadilisha dawa aliyokuwa amepanga kumchoma. Dakika kumi na moja.

Saa sita Yonathani alizinduka, mzima, koo limekauka. Akamshika mkewe mkono, wa baridi kama bomba la alfajiri.

"Asante, mama Goodness. Umenirudisha."

"Baadaye inuka utembee, damu isigande miguuni."

Yonathani alilia kwa shukrani, kisha kwa hasira. Dakika kumi na moja tu. Hao wakubwa zingewapunguzia nini, kama wangempa Loisi siku ile?

Siku ya kuruhusiwa alimwambia mkewe, "Twende nyumbani. Kahawa imeiva."

Kwenye kitanda cha jirani, muuguzi alikuwa amekamata kidole cha mzee Shadrack, anakikandamiza kwenye karatasi. Mzee anatabasamu tu, haelewi.

"Tangulia," alisema Loisi, akavuta kiti kwa mzee.

Yonathani alipanda basi peke yake, mkono tumboni. Njiani alimwombea mkewe heri, na mzee pia. Wakubwa hakuwaombea kitu.