Maoni ya Msemakweli Kuhusu Gemu Nne

Siku hiyo mjinga alikuwa Msemakweli mwenyewe, wala si siri. Hata leo ukimuuliza anakubali: kwanza anacheka, kisha anakukazia macho na kukuuliza nani kakwambia.

Alikuwa fundi wa friji, na kazi hiyo humfundisha mtu kutoamini. Mteja anakuletea friji anakwambia imezima yenyewe tu, hakuigusa. Unafungua, unakuta bomba limetobolewa kwa kisu cha kubandulia barafu, na kisu chenyewe kimo humo humo, kimelazwa kwenye droo ya nyanya. Baada ya miaka mingi ya kudanganywa hivyo, Msemakweli alifika mahali mtu akimwamkia asubuhi anajiuliza: huyu ananitakia heri, au ana friji nyumbani?

Akitoka karakana alicheza gemu. Hakutaka zile kubwa za makampuni. Alitaka ndogo, za kupigana na kurukaruka, zinazotengenezwa na mtu mmoja au wawili waliojifungia chumbani na ndoto zao. Kila Jumamosi alitoa maoni laivu kwa simu, na watu walimfuata kwa sababu hakuwa na uso wa kuoneana haya. Jina la Msemakweli walimpa wao. Sheria yake ilikuwa moja: kazi ya ndugu haigusi. Mwezi uliopita mtoa maoni mwingine alibambwa akiipamba gemu ya binamu yake kama bibi harusi, na aliyeongoza kumcheka alikuwa Msemakweli. Akiteleza yeye sasa, atachekwa mpaka watu waombe maji.

Wiki hiyo alikuwa na gemu nne, na maoni ya gemu tatu yalikuwa tayari kichwani.

Ya kwanza iliitwa *Paa kwa Paa*, mwizi anayekimbia juu ya mabati. "Kuruka kwake kutamu," alipanga kusema, "anaitika kabla hujamaliza kubonyeza. Lakini kila akitua anahutubia. Ndugu mtengenezaji, mwizi anayekimbizwa hana muda wa nasaha." Ya pili, *Nyundo Saba*: "Nyundo inatua na uzito wake, pedi ya kuchezea inatetemeka mkononi mpaka unasikia raha. Ila adui ni yule yule, kabadilishiwa shati. Nimempiga mwekundu, karudi wa bluu, karudi wa kijani, nikajiona nagombana na nguo zilizoanikwa." Ya tatu, *Mende*: "Wewe ni mende, adui ni ndala. Basi. Haina hadithi, haina muziki, haina huruma. Nyie wenye nyundo saba, nendeni mkajifunze kwa mwenye ndala moja."

Ya nne ndiyo iliyomnyima raha. Iliitwa *Baridi Kali*, na aliyeituma alijiita Mtu Mmoja. Mpiganaji anaingia ghala lililojaa friji zenye hasira, zinazofungua milango na kutema barafu. Msemakweli alicheka peke yake. Alicheka mpaka hatua ya pili, ilipojitokeza friji ndogo nyeupe iliyofungwa mlango kwa kamba nyekundu ya kiatu.

Kicheko kikakatika. Akageuza shingo taratibu, akatazama jikoni kwake.

Friji yake mwenyewe, yeye fundi, ilifungwa kwa kamba nyekundu ya kiatu. Mlango ulikufa siku nyingi, na fundi hana muda na cha kwake. Mteja hakuruhusiwa kuvuka sebule, maana nani atampa kazi mtu ambaye friji yake imevaa kiatu? Siri hiyo ilikuwa ya nyumba. Basi Mtu Mmoja alikuwa mtu wa nyumba.

Akiwa bado ameduwaa, jokofu lenye feni likaja likamkata kichwa. Akaanza upya, likamkata tena. Alipochoka kufa, akaweka pedi chini na hakuirudia. Kuishia njiani hakukumsumbua. Mpishi hali sufuria nzima ili ajue chumvi, ndivyo alivyojiambia siku zote. Gemu nyingi alizionja hivyo hivyo, kisha akawaambia wasikilizaji, "nimecheza mpaka mwisho," na hakuna aliyewahi kumuuliza mwisho ukoje. Kilichomkaa rohoni ilikuwa ile kamba.

Asubuhi akaanza na fundi mwenzake, waliyemwita Gesi, aliyewahi kula kwake.

"Gesi, friji yangu ya nyumbani unaijua?"

Gesi akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Ile ya kamba? Bwana, hilo nimelinyamazia kwa heshima yako. Hata mke wangu sijamwambia."

"Hata mkeo?"

"Yaani nilimwambia siku moja tu. Alikuwa na huzuni."

Msemakweli akamchunguza. Gesi huyu aliandika ujumbe kwa kidole kimoja, na akimaliza alipumua kama aliyebeba kompresa ghorofani. Hawezi kutengeneza gemu. Akamwachia.

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pasi sare yake ya uuguzi.

"Mke wangu, wewe unacheza gemu?"

"Naishi na wewe. Si inatosha?"

"Naongea kwa uzito."

"Na mimi. Kila nikidhani nimevuka hatua, unanirudisha mwanzo." Akageuza sare upande wa pili, na jicho lake likaruka kidogo tu kuelekea mlango wa chumba cha nyuma.

Kidogo tu, lakini Msemakweli alilidaka. Chumba cha nyuma alikaa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, mchoraji wa mabango. Ana kompyuta. Na siku hizi ukipita mlangoni anaufunga haraka! Msemakweli alikuwa amedhani ni mchumba, akawa anajiandaa kumhoji huyo kijana kuhusu ukoo wake. Kumbe hakuna kijana.

Huyu mtoto anataka kumharibia jina. Atasubiri asifiwe, halafu ajitangaze, na dunia nzima iseme Msemakweli kambeba shemeji. Hapana. Atamtangulia. Atamfanya akiri hadharani, wasikilizaji wenyewe wakiwa mashahidi, na baada ya hapo hakuna atakayetia shaka neno lake mpaka kaburini.

Jumamosi mchana, kabla ya chakula, akaisimamisha simu nyuma ya chombo cha maua, akawasha laivu. Wasikilizaji wakaanza kuingia mmoja mmoja. Mkewe alipita na sahani, akaitazama simu, akamtazama mumewe, kisha akasogeza maua kando kidogo. Msemakweli akadhani anapanga meza tu.

Shemeji alikuja, akanawa, akakaa.

"Shemeji," alianza Msemakweli kwa upole wa mtu anayeficha fimbo, "kuna gemu inaitwa *Baridi Kali*."

Kijiko cha shemeji kikasita. "Ndiyo nini hiyo?"

"Unaiuliza kama huijui."

"Nitajuaje? Mimi nachora vibao vya saluni."

"Ina friji ya kamba nyekundu."

"Kamba nyekundu zimejaa madukani, shemeji."

"Mafundo mawili! Upande wa kushoto!"

"Acha mtoto ale," alisema mkewe, bila kuonyesha haraka yoyote ya kuwaachanisha.

"Ale, lakini akiri. Aliyetengeneza ni wewe au si wewe?"

Shemeji akakoroga mchuzi kwa kijiko. Hakujibu alichoulizwa. "Huyo aliyetengeneza, tuseme yupo. Ungemwambia nini? Maana mtu anaweza kukaa mwaka mzima na kitu, kila anayemwonyesha anasema kizuri, kizuri, kwa sababu wanakula meza moja. Mpaka atafute jina la uongo ili aambiwe ukweli."

Sauti yake ilikuwa imepungua. Mtu mwingine angesikia hapo. Msemakweli alisikia ushindi tu, akaegemea kiti, akapaza sauti simu imnase vizuri.

"Ukweli? Mimi sina kingine. Mwanzo mzuri. Friji ikifungua mlango unaona ule mvuke, unasikia baridi mpaka vidoleni. Huyo mtu ana mkono. Lakini mwisho kauchoka! Umelegea."

"Mwisho?" Shemeji aliinua macho. "Uliucheza mwisho?"

"Mimi ni nani? Nimecheza mpaka mwisho."

"Ukaonaje?"

"Lile jitu la mwisho bure kabisa. Kubwa, lina mwendo wa bata, halijui hata kukwepa. Nimeliangusha mara ya kwanza, kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika chai. Haya, sasa kiri. Gemu ni yako au si yako?"

Shemeji akaweka kijiko chini, akajifuta mkono.

"Ni yangu, shemeji. Na jitu la mwisho bado sijalichora."