Hati ya Kisima

Mwaka ule watu walipohamishiwa Issuna wakae kijiji kimoja, kisima pekee cha kutegemewa wakati wa kiangazi kilikuwa uani kwa Melkizedeki. Alikichimba mwenyewe kwa sururu, na mkewe Theresia ndiye aliyevuta udongo wote juu kwa kamba, ndoo baada ya ndoo, akiwa na mimba ya Yeremia.

Sasa kijiji kilikiomba. Melkizedeki alikubali bila ubishi, maana wageni walikuwa wakihangaika na maji mpaka huruma. Theresia hakuwa na neno na wageni. Ila hakuna aliyemwuliza.

Siku ya kutia sahihi, Fabiano, katibu wa kijiji, alifika na hati. Akawaamkia wote wawili, akaisoma kwa sauti, akampa mzee kalamu. Melkizedeki akaishika, kisha akaiweka mezani.

"Umeandika hapa kwamba mwenye kisima ni mimi."

"Kwani sivyo, mzee?"

"Mimi nilikuwa chini kule. Udongo ulitolewa na nani? Bila Mama Yeremia ningejizika mwenyewe. Mwandike na yeye, kisha umsikilize."

Fabiano alicheka akidhani ni utani. Alipoona mzee hacheki, akamgeukia Theresia, aliyekuwa mlangoni akipepeta uwele. "Mama, wewe unasemaje?"

Theresia akauweka ungo chini. Lile donge alilokuwa nalo rohoni siku zote hizo likamtoka.

"Mimi natoa. Lakini ng'ombe wasinyweshwe pale pale kisimani, watatujazia samadi kwenye maji. Wajengewe birika lao kule chini mteremkoni. Liandike hilo."

"Nitaandika, mama."

Akaandika, akawasomea tena. Melkizedeki akatia sahihi. Theresia hakujua kuandika, akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zake zote, hadi Fabiano akamwambia, "Yatosha, mama, limetoka vizuri."

Asubuhi yake Theresia alitoka na ndoo, akakuta foleni ya wanawake uani. Hana, mmoja wa wale wageni, akasogea kando.

"Pita, mama. Kisima ni chako."

"Nilishakitoa jana," Theresia akasema, akacheka. "Kaa mbele yangu. Watoto wameamkaje?"

Wakapiga soga jua likipanda, na zamu ya Theresia ilipofika, Hana akamshikia kamba.