Dereva wa Timu ya Majid

Mpira wanaoupenda Wamarekani haufanani na wetu. Unashikwa kwa mikono, umechongoka huku na huku kama papai changa, na wachezaji wanagongana kama mafahali. Nisingeujua kamwe kama si Majid, mtoto wa bosi wetu wa Riyadh, aliyerudi kutoka chuo huko Marekani mwaka 2014 akiwa na kofia ya chuo chake, fulana ya chuo chake na wazimu wa timu ya chuo chake.

Mimi nilikuwa mpishi katika nyumba ile. Wenyewe waliniita mama Damaris. Wesley, dereva wa nyumba, aliniita Shosho, maana nina wajukuu na yeye angeweza kuwa mtoto wangu wa mwisho. Majid hakuwa kijana mbaya. Alinibebea mtungi wa gesi bila kuombwa, na alipoona kwamba Wesley anauchungulia mpira dirishani, alinunua televisheni akaiweka katika chumba cha dereva kule getini. Marafiki zake wasipokuja, alikwenda kukaa huko na Wesley kwenye godoro, wakila mandazi yangu na kupiga kelele pamoja. Sijasahau hayo. Ndiyo maana hasira yangu ilikuwa kubwa hivyo.

Wesley ndiye aliyenifundisha mchezo. Aliniambia kuna mtu mmoja anayepokea mpira kwanza, kisha anaurusha au anampa mwenzake akimbie nao. Wanamwita kwotabeki.

"Huyo ndiye dereva, Shosho," alisema. "Na yule mzee aliyekaa juu kwenye chumba cha vioo na spika masikioni, anayechagua wacheze vipi, huyo ndiye bosi. Akisema rusha, dereva anarusha. Akisema kimbia, wanakimbia."

Maneno ya bosi yalishuka hadi kwa watu wa pembeni ya uwanja, nao wakapunga mikono na kuinua mabango yenye picha ili dereva aelewe. Kuanzia siku hiyo katika chumba kile hakuna aliyesema kwotabeki tena. Hata Majid alisema dereva, kwa Kiswahili.

Msimu ule dereva wa timu ya Majid alikuwa kijana mdogo, mwaka wake wa pili chuoni, na timu ilikuwa ikifungwa. Mashabiki walimzomea, wakataka akalishwe benchi. Majid alimtetea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alisema mtoto hana kosa. Alisema kosa ni la yule wa juu, anayemwamuru kurusha mahali ambapo hata kipofu angekimbia, kisha mambo yakiharibika anajificha nyuma ya kioo huku mtoto akitukanwa mbele ya dunia. Hiyo, alisema, si kazi ya mwanamume. Nilimsikia akisema hivyo nikiwa nimeshika sinia mkononi, na nilimpenda kwa kusema hivyo.

Kisha ami yake alikuja kutoka Jeddah kwa ajili ya harusi. Tulimwita Abu Turki. Alikuja na gari lake jipya, Landkruza jeupe ambalo nailoni ya viti ilikuwa bado haijatolewa, na dereva wake, kijana wa kwetu Kenya aitwaye Morgan. Mtoto wa Abu Turki alikuwa amesoma katika chuo hasimu cha kile cha Majid, kwa hiyo Morgan naye alikuwa ameambukizwa, lakini upande wa pili. Na Jumamosi ile vyuo viwili hivyo vilikuwa vinakutana. Alipoingia tu chumbani kwa Wesley, kabla hajaweka begi chini, alimwuliza Wesley kama dereva wa timu yake ameshapata leseni au bado anaendesha na kibao cha mwanafunzi. Wesley alicheka. Walilala wamechoka kwa kutaniana.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana Morgan alitembea hadi dukani. Wesley alikuwa jikoni kwangu anakula wali. Simu yake ikalia, akaiweka mezani na kufungua sauti kwa sababu mikono ilikuwa na mchuzi. Alikuwa Majid. Alikuwa jangwani nje ya mji na marafiki zake, wanapandisha magari kwenye milima ya mchanga. Akamwambia Wesley alete Landkruza la ami yake. Wesley akasema gari lile si la nyumba hii, na funguo ni za Morgan. Majid akasema, "Funguo ziko msumarini. Nimeshasema lete. Yalla, haraka." Simu ikakatwa.

Wesley alinitazama. Nilimwona akinawa mikono polepole, kisha akachukua funguo msumarini. Akaenda.

Huko jangwani Majid alikaa kando yake na kumwamuru apande mlima mmoja baada ya mwingine. Kwenye ule mrefu Wesley alisema hapana, mchanga ni laini. Majid akasema songa, songa. Gari lilipinduka na kulala ubavu. Wesley alimtoa Majid kwanza kupitia dirishani, akimkinga kichwa kwa mkono wake mwenyewe, na mkono huo ukachanika. Hayo nilisimuliwa na Majid mwenyewe jioni ile, akiniomba maji. Hakuna aliyekufa. Landkruza lilirudi juu ya lori.

Jumamosi asubuhi bosi alimwita Wesley uani. Hakupaza sauti, bosi wetu hakuwa mtu wa kelele. Alisema usiku ule, mpira ukiisha, Wesley ataingia sebuleni na kumwambia Abu Turki kwamba alichukua gari bila ruhusa, kwa matembezi yake, na kwamba Majid alimfuata ili amrudishe. Akisema hivyo atasamehewa, na kazi yake itabaki. Akikataa, atarudishwa Kenya wiki hiyo hiyo.

Wesley alikuwa ameendesha basi la shule kwao Kapsabet kwa miaka mingi, na wazazi walimpa watoto wao bila wasiwasi. Jina hilo ndilo lililomleta. Sasa aliambiwa alichafue kwa kinywa chake mwenyewe au afungashe.

Usiku niliwapelekea chai getini. Mpira ulikuwa umefika mwishoni na chumba kilikuwa kimechafuka kwa hasira. Timu ya Majid ilikuwa imebakiza yadi mbili tu kuvuka mstari wa ushindi. Walikuwa na jitu moja la kukimbia ambalo hakuna aliyeweza kulizuia mchezo mzima. Yule wa juu akaamuru kurusha. Dereva akarusha, adui akaudaka, na ikawa mwisho wa mambo. Uwanja mzima ulikuwa ukimzomea mtoto yule.

Morgan hakufurahia ushindi wake hata kidogo. Naye alikuwa na lake: funguo zilikuwa chini ya ulinzi wake, na Wesley akikataa kukiri, Abu Turki angemgeukia yeye.

"Sikia, buda," alimwambia Wesley. "Dereva ana ruhusa ya kubadilisha. Akiona mpango ni mbovu, anapiga kelele pale pale, wanacheza kingine. Huyo wako alinyamaza akarusha. Usimlaumu mzee wa vioo."

Wesley alijibu kwamba mtoto wa mwaka wa pili akibadilisha na akashindwa, hachezi tena maisha yake yote. Ruhusa ya namna hiyo ni ya kwenye karatasi.

"Basi akubali lawama kama wenzake wanavyokubali. Si umewaona wakihojiwa? Wote husema kosa ni langu. Neno moja, kesho wanacheza."

"Wanasema hivyo kwa sababu watu wote wameona nani alikuwa juu. Mimi nani ameniona?"

Morgan alijua, na mimi nilijua, kwamba mazungumzo yalikuwa yameshauacha mpira zamani. Morgan akasema kwa sauti ya chini kwamba naye ana mama na wadogo zake, na kwamba Wesley anaona jina lake tu. Wesley akamwambia atoke. Morgan akasema atatoka akishasikia kwamba Wesley atamwokoa. Walisimama wakitazamana, wanaume wawili wa nchi moja katika chumba kisichotosha vitanda viwili, na nilijiweka katikati nikiwa na birika la moto. Niliwaambia wakae. Walikaa, lakini hakuna aliyegusa chai.

Nilirudi jikoni nikiwaka. Majid alikuja mwenyewe kuchukua kahawa ya wageni, maana aliona nimechelewa. Alikuwa mwekundu machoni. Akaanza kunilalamikia habari za yadi mbili, habari za yule mjinga wa juu, jinsi wanavyomzomea mtoto asiye na kosa.

Nikamwuliza, "Na Wesley?"

Akasema hiyo ni tofauti. Akasema baba yake amepanga vizuri, Wesley hatapoteza kitu, ni maneno machache tu, halas, yamekwisha, na yeye mwenyewe atamwangalia baadaye kwa zawadi.

"Majid mwanangu," nilimwambia, "tangu msimu uanze unamtukana mtu aliyejificha nyuma ya kioo. Leo umeingia ndani ya kioo hicho na umekaa."

Uso wake ulibadilika. Aliniambia mimi ni mpishi na nishike upishi wangu. Hakuwahi kusema nami hivyo. Alichukua birika la kahawa, akasahau vikombe.

Vikombe hivyo nilivipeleka mimi. Niliviweka chini na sikutoka. Bosi alikuwa ameketi kando ya ndugu yake, Majid karibu na televisheni, na Wesley amesimama kwenye zulia bila viatu, mkono umefungwa bendeji. Morgan alikuwa mlangoni. Bosi akamwambia Wesley aseme.

Wesley alisema kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, neno kwa neno, kila mtu akasikia.

"Usukani ulikuwa mikononi mwangu. Kwa kupanda mlima ule naomba msamaha, ningeweza kukataa kabisa na sikukataa. Lakini gari sikuliiba. Niliitwa nilete."

Abu Turki akauliza aliitwa na nani. Wesley alimtazama Majid, akampa nafasi. Sote tulimpa nafasi. Majid aliitazama televisheni, ambapo walikuwa wakirudia kurusha kule, mpira ukielea tena kwenda kwa adui.

Bosi akasema basi, Wesley amechagua, tikiti itakatwa. Hapo nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Baba, nilikuwa jikoni. Simu ilikuwa wazi. Nilisikia aliyemwita."

"Najua," bosi alifoka. "Najua nani alimwita. Kwani katika nyumba hii nani asiyejua?"

Kisha akasikia alichokisema, na ndugu yake ameketi pale.

Abu Turki aliweka kikombe chini. Aliposema hakumwambia Majid, wala hakutaja gari. Alimwambia ndugu yake kwamba kama hamtaki dereva huyu, ampe yeye aende naye Jeddah, maana Morgan ana kazi nyingi na mwenzake atamfaa. Nilimwona Morgan mlangoni akiegemea ukuta kama aliyetuliwa mzigo.

Bosi alikataa. Alisema dereva wake hahami kwenda kwa mtu, ikama yake, kibali cha kukaa nchini, iko hapa na itabaki hapa. Hakusema kwa kumpenda Wesley. Alisema kwa sababu asingevumilia kila akienda Jeddah kufunguliwa mlango wa gari na yule aliyemkatalia. Lakini alikuwa ameshasema mbele ya ndugu yake, na neno la tikiti likafa hapo hapo.

Kwa hiyo Wesley alibaki, bila kusema uongo waliomtaka aseme. Sikuimba wala sikushukuru kwa sauti. Nyumba ilikuwa baridi. Madam, mke wa bosi, alimpa Wesley maagizo kupitia kwangu ingawa alikuwa amesimama mbele yake. Bosi alipanda gari bila salamu. Mimi nilipika kama kawaida, na chumvi niliitia kwa kipimo, ingawa siku nyingine mkono ulitaka kuimwaga yote. Morgan, kabla hajaondoka na bosi wake katika gari la kukodi, alikuja getini akamwachia Wesley koti lake la baridi, maana la Wesley lilikuwa limechanika siku ya ajali. Walishikana mikono kwa shida. Bado walikuwa na hasira, nami sikuwalazimisha kucheka.

Jumamosi iliyofuata timu ya Majid ilicheza tena. Nilikuwa nimekaa na Wesley, namshonea kifungo, mlango ukafunguliwa. Majid alisimama kizingitini na kofia yake mkononi. Akasema yule kijana amekalishwa benchi, dereva ni mwingine leo, na yule wa juu bado yuko juu. Alisema kwa uchungu wa kweli. Akatazama mahali pake kwenye godoro.

Wesley hakugeuka.

"Umeshampigia ami yako ukakiri?" aliuliza.

"Baba alishasema mbele yake. Anajua."

"Baba yako alisema. Nakuuliza wewe."

Majid alinitazama mimi, kama alivyokuwa akinitazama akitaka maji. Ningeweza kusema neno la kumpunguzia. Nilikuwa nalo mdomoni, maana moyo wangu si jiwe. Nilikata uzi kwa meno, nikalimeza.

"Bado," Majid alisema mwishoni.

"Basi hapa hakuna nafasi," Wesley alimwambia. "Nenda kampigie, kisha urudi."

Majid alisimama kidogo zaidi, akavaa kofia yake, akatoka. Alituachia mlango wazi. Nilisikia hatua zake kwenye kokoto za uani, kisha zikasimama katikati, mbali na mlango wa nyumba na mbali na wetu pia. Wesley aliongeza sauti ya televisheni. Nilitazama kiwanjani, ambapo dereva mpya alikuwa amesimama akisubiri aambiwe cha kufanya.