Msuko wa Bibi Pelageya

Mwaka 1962 kila msichana wa mji wetu wa Ivanovo alitaka nywele zilizotuna juu, kama za wanawake wa Paris tuliowaona kwenye filamu. Dada yangu Lida alizitaka kuliko wote, maana kiwanda chetu cha vitambaa kilikuwa kinachagua mfumaji mmoja wa kwenda Moscow kuonyesha mavazi mapya. Umbo alikuwa nalo, mwendo alikuwa nao. Nywele ndizo zilizomwangusha: alizaliwa wakati wa vita na njaa, zikaota chache na nyepesi.

Wasichana walificha soksi ndefu ya nailoni ndani ya nywele ili zisimame. Lida naye akafanya hivyo. Siku ya mazoezi, katikati ya ukumbi, soksi ikachomoka, ikaning'inia mgongoni kama mkia. Watu walivunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, na hadi leo najuta.

Nyumbani akatangaza kwamba kesho haendi kuchaguliwa.

"Afadhali," alisema Bibi Pelageya, akikoroga supu ya kabichi. "Kichwa kimefura kama mkate wa Pasaka! Na huo wembamba je? Enzi zetu hata kipofu asingekuposa. Msichana alikuwa mashavu, na msuko mnene kama mkono."

"Enzi zenu, enzi zenu!" Lida akaangua kilio. "Na huo msuko wako, bibi, nani amewahi kuuona?"

Nilidhani atapigwa mwiko. Kijijini kwa bibi, mwanamke akishaolewa hafunui kichwa. Hata sisi wajukuu hatukuwahi kumwona bila kitambaa. Bibi akafunika sufuria, akaingia chumbani.

Asubuhi tulikuta msuko mezani, wa kijivu, mnene kweli kama mkono, umefungwa uzi ncha zote mbili.

"Utakaa ndani, rangi haitaonekana," alisema, kisha akanigeukia. "Klava, acha kunitumbulia macho, lete vibanio."

Lida alipotokea jukwaani, kichwa juu, shingo ndefu, ukumbi mzima ulimgeukia. Sijawahi kuona uzuri kama ule. Jina lake liliposomwa, watu wakasimama kumshangilia.

Bibi alibaki ameketi kando yangu, kitambaa kimelala bapa kisogoni.

"Unajuta, bibi?"

"Nijute nini? Miaka arobaini na sita msuko wangu umekaa gizani," alininong'oneza, machozi yakimtiririka. "Sikiliza unavyopigiwa makofi."