Kichwa cha Samaki kwa Mama Mwadi

"Fomu mia mbili, mama, na zote jibu moja!" Kapenda, mwanafunzi wa chuo, alizibwaga kwenye benchi, karibu na sufuria. "Nani anatawala mtaa huu? Chama. Nani anaamua? Chama. Professeur ameshazikataa. Nikirudi Lubumbashi na treni ya leo bila jibu la kweli, mémoire yangu ya kumaliza chuo imekufa."

Mama Mwadi aliendelea kusonga bukari, ugali wa kwao. Alikuwa amepika kando ya stesheni ya Kamina kwa miaka ishirini, na harufu ya sufuria yake, nakuapia, iliwahi kusimamisha treni ya mizigo katikati ya pori.

"Weye mwana, unauliza bantu na karatasi mukononi, banaona polisi. Minyi siulizake kitu. Minagawa samaki tu. Leo njo weye utagawa."

"Kugawa samaki iko politique?"

"Kichwa iko moja, ya mukubwa. Bantu iko kumi na mbili. Gawa, utaona."

Mwadi aliijua hatari yake: benchi la wateja likikasirika, kesho litahamia kwa jirani.

Saa sita walikuja wateja wote kumi na wawili. Kapenda, jasho likimtoka, alichagua kwa akili za chuo: abacost, suti ya wakubwa, iliyopigwa pasi, beji kifuani, kamishna wa zone mwenyewe, mtu wa Chama. Akamwekea kichwa.

Vinywa vikaacha kutafuna.

Kamishna alikitazama kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Akainuka, akakibeba kwa mikono miwili hadi mwisho wa benchi, kwa Ngoie, mzee wa ovaroli yenye grisi anayegeuza njia za reli.

"Baba Ngoie, mugeni amekosa. Wagon ya unga itaingia ku njia yetu leo?"

Ngoie alinyonya kwanza jicho la samaki. "Tutaona, citoyen kamishna."

Benchi likaangua kicheko, kamishna akiwemo. Kapenda alikuwa ameshapindua fomu, anaandika upande mweupe: nani amecheka wa kwanza, nani anamngoja nani.

Saa tisa treni ikapiga firimbi, ikapiga tena. Ilibidi ingoje, Ngoie alikuwa bado analamba vidole.

Mwadi akapitisha kifurushi dirishani, kimefungwa kwa zile fomu zilizokataliwa. "Ya njiani, mwana."

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Mwadi akamwona Kapenda akikifungua na kukuta juu ya bukari kichwa cha pili, kile ambacho yeye Mwadi alikificha tangu asubuhi. Kijana hakula. Alikishika kwa mikono miwili, kama kamishna, na treni ikaenda naye hivyo hivyo, ikishika njia aliyoigeuza Ngoie.