Umeruka Bega

Dobi hakujua Kiingereza, lakini hotuba ya mwanawe ya Kiingereza aliijua kuliko mwanawe mwenyewe.

Aliijua kwa shati. Pasi ikiwa kwenye kola, binti alikuwa kwenye salamu. Pasi ikipanda mabegani, binti alikuwa barabarani, kwenye habari ya lori. Mkono wa kulia ulikuwa shangazi, mkono wa kushoto ulikuwa ndoto za maisha, na mgongo, ambao ni mpana na hauna vikorokoro, ulikuwa shukrani. Maana ya hayo yote mama hakuijua. Alijua sauti tu. Kwa wiki sita, kila alasiri, binti alisimama kwenye mlango wa kibanda cha kufulia, mikono nyuma kama askari wa zamu, akaporomosha Kiingereza, na mama akanyoosha nguo za watu.

"Hebu, hebu. Umeruka bega."

"Sijaruka, mama."

"Umeruka. Ukitoka kwenye kola kuna lile neno refu linalopanda kama ngazi, halafu unashusha sauti, unapumua, ndiyo unaendelea. Leo umekimbilia mkononi. Unataka ukaniaibishe mbele za watu? Rudi nyuma."

Binti alirudi nyuma. Na kweli, alikuwa ameruka bega.

Mama alimwita Chiriku, kwa sababu utotoni hakunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Kwa lugha yake Chiriku angeweza kubishana na redio mpaka redio ikaona haya. Kwa Kiingereza alikuwa gogo. Kwenye mtihani wa majaribio wa kuzungumza alikaa mbele ya mwalimu dakika mbili nzima bila kutoa hata mguno, huku jasho likimchuruzika hadi kwenye soksi. Na ule wa mwisho ulikuwa unakuja, wenye mtahini wa kutoka mbali asiyemjua mtu. Ukianguka Kiingereza, cheti chote kimeanguka. Bila cheti, chuo cha uuguzi alichokiota tangu darasa la nne kingebaki kuwa jengo la kupita nje yake.

Ndipo akaenda kwa mwalimu wa tuisheni, yule ambaye wanafunzi walimbandika jina la Bwana Machozi. Kazi yake ilikuwa kuwagawia hotuba zilizokwisha kuandikwa, kila mtu na yake ili zisigongane, wakazikariri neno kwa neno.

"Mtahini ni binadamu," alikuwa akisema huku akifuta ubao kwa kiwiko. "Sarufi wanazo wote. Mguse moyo. Akianza tu kutafuta leso, wewe umeshafaulu."

Chiriku alipofika zilikuwa zimebaki hotuba mbili. Moja iliitwa Kazi ya Mama Yangu, na ilikuwa na nafasi tupu ya kujaza kazi yenyewe. Nyingine iliitwa Nilivyobaki Yatima.

Akaitazama ile nafasi tupu. Nusu ya sare za shule ile zilipita kwenye beseni la mama yake. Kuna siku msichana wa dawati la mbele alimgeukia darasa zima likisikia, akamwambia, "Mwambie mama yako kifungo changu kimebaki kwenu," na watu wakacheka, na yeye akacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote. Sasa akamjaze dobi kwenye karatasi, akalitamke jambo hilo mbele ya mtu mwenye kalamu? Akachukua ya yatima. Kumuua mama kulikuwa rahisi kuliko kuitaja kazi yake.

Siku ya kwanza ya mazoezi, mama aliuliza, "Inasema nini hiyo?"

"Inakuhusu wewe."

"Mimi?"

"Nakusifu."

Mama aliacha pasi ikae kwenye kigae chake. Yapo maneno mawili ya Kiingereza aliyoyajua kama kila mtu anavyoyajua, na sasa akayategea sikio. "Mai madha," akahesabu kwa vidole. "Mai madha tena. Nimo mara saba! Dobi mzima, niko ndani ya Kiingereza mara saba!" Tangu siku hiyo kila mteja aliyekuja kuchukua suruali yake alisikia habari hiyo, hata aliyekuwa na haraka.

Chiriku alijiambia kwamba ni maneno tu, tena ya watu wengine. Yangesemwa mara moja kwenye chumba kilichofungwa, na mama asingejua mpaka siku ya kufa kwake kweli.

Asubuhi ya mtihani alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anakunywa chai, sare yake imenyooka hata ungeweza kukatia karatasi. Mama akaingia uani na kapu tupu kichwani, uso umejaa meno.

"Chiriku! Bahatisha nimetoka kumnyooshea nani shati."

"Nani?"

"Mtahini wenu!"

Mama ndiye aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stendi, na mtahini alikuwa amefikia hapo jana jioni. "Shati limetoka kwenye begi kama lililotafunwa na ng'ombe likatemwa," alisema mama, akitua kapu. "Mhudumu kanivuta mkono, dobi tuokoe. Nimepiga pasi palepale kwenye meza yao ya kulia, yeye kasimama na fulana, kashika kikombe, anasubiri. Nikasema moyoni, Mungu kanileta huyu, nisimwache hivihivi."

"Mama. Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu. Nimemsomea."

"Umemsomea nini?"

"Si yetu! Kola, bega, nikaingia na mkono wa kulia. Bwana yule kanikodolea macho hayo! Hakudhani. Nikamwambia, baba, haya ni ya mwanangu, utamwona leo, mrefu mwembamba, ana kovu kidevuni. Ananisifu mimi mama yake."

Chiriku aliinuka kwenye ndoo, chai mkononi. "Akasemaje?"

"Alitua kikombe. Halafu akanipa pole. Mtu mstaarabu sana. Nikamwambia nimeshapoa, kazi tumeshaizoea." Mama alimsogelea, akamlaza kola kwa vidole viwili ambavyo ncha zake zilikuwa zimekauka kwa sabuni. "Haya nenda. Usiruke bega."

Njia nzima Chiriku alitafuta hotuba nyingine kichwani mwake, kama mtu anayepekua mifuko ya koti asilolijua. Hakukuwa na nyingine. Ilikuwa ileile.

Mtihani ulifanyika maktabani. Makabati ya vitabu yalikuwa yamegeuzwa yakatazama ukuta ili mtu asiibie. Watahiniwa walikaa kwenye benchi la nje, wakiingia mmoja mmoja, na kila aliyetoka alizungukwa na kuulizwa, "Vipi, ni mkali?" Jina lake lilipoitwa, Chiriku aliingia, akaweka mezani kikaratasi chenye kichwa cha hotuba yake, akakaa.

Mtahini alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani mizito. Shati lake lilikuwa jeupe lenye mistari ya samawati. Mkunjo wa pasi ulishuka mkononi kama umepigwa kwa rula, na kutoka upande wa pili wa meza Chiriku aliunusa wanga wa mama yake, na moshi mwembamba wa mkaa.

Mtahini alikisoma kikaratasi. Kilikuwa na maneno machache tu lakini alikisoma muda mrefu. Kisha akamtazama kidevuni.

"Bado unaweza kubadilisha," alisema kwa Kiingereza cha polepole, akihakikisha kila neno linafika. "Zungumza juu ya jambo lolote. Hata kwa sentensi chache. Hata kwa makosa."

Alikuwa amemfungulia mlango, na Chiriku aliuona ukiwa wazi. Alifumbua mdomo apite. Mama yangu ni. Mama yangu ana. Maneno hayakuja. Ukaja ule ukimya wa siku ya majaribio, ukakaa kwenye ulimi wake kama mgeni mwenye mizigo. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Kalamu ya mtahini ilikuwa inasubiri. Macho ya Chiriku yalianguka, na mahali yalipoangukia palikuwa kwenye kola.

Kola ikampa salamu.

Basi akalisoma shati. Toka kwenye kola akapanda mabegani, akalipata lile neno refu la ngazi, akalipanda lote bila kuteleza, akashusha sauti pale alipofundishwa kuishusha, akapumua, akamuua mama yake. Akashuka mkono wa kulia kwa shangazi, akapita wa kushoto kwa ndoto. Mgongo hakuuona, lakini aliujua ulivyo mpana. Akashukuru. Hakukosea hata silabi moja. Wiki sita za mama zilitoka kinywani mwake zikiwa zimenyooka.

Mtahini hakutafuta leso. Aliandika kidogo. Kwa kanuni alitakiwa kuuliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa la kazi ya shangazi, na Bwana Machozi alikuwa amewaandalia jibu lake. Benki, alisema Chiriku, karani.

La pili mtahini alilikawiza. Alishika mkunjo wa mkono wa shati lake kwa kidole gumba na cha shahada.

"Mwanamke aliyenyoosha shati hili," alisema, "unamjua?"

Jibu la swali lile, kwa Kiingereza, ni neno moja dogo, vyovyote utakavyojibu. Hata gogo lingeweza.

"Hapana," alisema Chiriku.

Lilikuwa neno pekee la Kiingereza alilolisema siku ile ambalo hakufundishwa na mtu.

"Asante," alisema mtahini, na hakumtazama tena. "Mwite mwenzako."

Benchini wakamvamia. "Vipi, mtahini kalia?" "Kakuuliza nini?" Chiriku alisema hakuulizwa la maana, akapita katikati yao, masikio yakiwaka moto kama mtu aliyezabwa makofi pande zote mbili.

Nyumbani mama alikuwa kwenye foronya za nyumba ya wageni. Jirani, mama mmoja mcheshi waliyetumia naye kamba moja ya kuanikia, alikuwa akivua vibanio.

"Umeruka?" mama aliuliza hata kabla ya kumkaribisha.

"Sijaruka."

"Sijaruka, anasema!" Mama alijipiga paja. "Jirani, unasikia? Hakuruka!"

"Na angerukaje wakati mwalimu ni wewe," alisema jirani. "Hebu tusikie na sisi tusiosoma."

"Nyoosha masikio basi." Mama alishika pasi, akajiweka sawa, akaanza salamu. Foronya haina kola, lakini alianzia pembeni, akapandisha neno la ngazi, akashusha sauti. Alikuwa na sauti nzuri. Uani pale, kati ya mashuka ya watu, mama yake alitangaza kifo chake mwenyewe kwa madaha, na jirani akapiga makofi.

"Dobi unakitema! Wangekupa wewe huo mtihani." Jirani akaondoka na beseni lake, bado anacheka.

Mama alikuwa ameshafika kwa shangazi.

"Mama, acha."

"Niache nini?"

"Hiyo haikusifu."

Pasi ilisimama. Chiriku alitegemea foronya iungue. Haikuungua. Mama aliinua pasi, akaiweka juu ya kigae chake, akaigeuza mpini utazame kwake, kama alivyofanya siku zote.

"Inasemaje?"

"Inasema umekufa."

Mama aliifuta mikono kwenye kanga, upande mmoja, kisha wa pili, ingawa ilikuwa mikavu.

"Nimekufa na nini?"

"Lori."

"Lori." Alifikiri kidogo. "Ni wapi hapo? Kwenye kola au begani?"

"Begani."

"Ndiyo maana unashusha sauti."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikawa nakurudisha. Ukiruka, nakurudisha." Mama alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira, kama anayeona doa ambalo hakuliona wakati wa kufua. "Na yule bwana wa shati?"

"Aliniuliza kama nakujua."

"Ukamjibuje?"

Chiriku, kwa lugha ambayo hajawahi kukosa neno, alikosa neno. Alitazama vidole vya miguu yake. Mama alisubiri muda wa kutosha mtu kusema ndiyo, kisha akasubiri tena kidogo, kisha akaacha kusubiri.

"Kiingereza chenyewe kilitoka vizuri?"

"Kilitoka."

"Basi utafaulu," alisema mama, na hakuna tusi ambalo lingemkata Chiriku kama neno lile, kwa sababu alilisema kwa nia njema.

Mama aliikunja foronya, akaiweka juu ya nyingine. Akainama kwenye kapu, akatoa shati la mtu, jeupe, akalitandaza mezani, akalinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Akashika pasi, akaijaribu kwa kidole chenye mate. Ilikuwa bado ina moto.

"Simama pale unaposimamaga," alisema.

Chiriku akasimama mlangoni.

"Sasa nisomee kwa lugha ninayoisikia. Yote. Na usiruke bega."

Chiriku aliweka mikono nyuma. Pasi ikagusa kola, naye akaanza kwa salamu.