Siku Tisa za Dom Lourenço

Bwana wangu Dom Lourenço, mwinyi wa Vale de Freixo, alipewa serikali kwa sababu hakuwa na adui. Wanasiasa wa Lisboni, mji mkuu, walikuwa wamechoshana kwa ugomvi. Kila jina lililotajwa lilizomewa, isipokuwa lake. Hakuna aliyemjua vya kutosha kumchukia.

"Quitéria," aliniita jikoni asubuhi hiyo, uso umempauka. "Wamenifanya mkuu wa serikali."

"Yesu wangu! Kwani umewakosea nini, bwana?"

Nilikuwa nimempikia miaka ishirini. Niliweza kumwambia hivyo.

Siku mbili za mwanzo ngazi zetu zilijaa watu wanaotaka vyeo, akiwemo shemeji yake aliyekuwa hamsalimii. Siku ya tatu ikaletwa hati ya kumpiga risasi sajini mmoja, Baltasar Roxo, aliyekamatwa akiwachochea askari waiasi serikali. Bwana akanifuata nikipara samaki.

"Ana miaka ishirini na sita. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekula kwanza, bwana. Mwenye njaa huua ovyo."

Akanywa supu ya kabichi, mabakuli mawili, kisha akaandika msamaha. Mawaziri wakafoka. "Mabwana," aliwajibu, "hii ndiyo karatasi pekee niliyoisoma mpaka mwisho." Jioni ile alitembea kama kijana anayeposa.

Siku ya tisa kikosi kikaasi, kikaizingira nyumba yetu. Aliyekiongoza alikuwa Baltasar. Alipanda ngazi, akapiga goti, akambusu bwana mkono.

"Mheshimiwa, uhai wangu ni wako mpaka kaburini."

"Inuka, mwanangu."

"Bado, mheshimiwa. Nakuomba ujiuzulu kabla ya saa sita."

"Nikikataa je?"

"Nitalia sana. Lakini nitakufunga."

Bwana alicheka mpaka akashika meza. Akaandika barua ya kujiuzulu, Baltasar amemshikia kidau cha wino.

"Hujuti?" nilimuuliza walipoondoka.

"Angeuawa yule, ningedumu labda mwezi. Mwezi mzima wa karatasi, Quitéria!"

Tukahamia shambani, kwenye mizeituni. Baltasar alipewa ukanali, halafu umwinyi, halafu akakabidhiwa jeshi la mji mzima. Mwaka huohuo askari saba wakaasi. Hakumsamehe hata mmoja.

Bwana aliisoma habari hiyo gazetini, mezani. Akaniomba niondoe sahani, bado imejaa.